Namba Yako Imegawanyika

Mwalimu,

Namba yako imegawanyika. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kutoa jibu.

Ni ile ile, tarakimu ya moja iliyorudiwa mara kumi na saba kwenye mstari mmoja. Tangu uliponifundisha kidato cha tatu pale Mumbuni hadi nikarudi kufundisha hesabu meza moja na wewe, ulishikilia kwamba ni namba tasa, hakuna kinachoigawa ila moja na yenyewe. Kikokotoo cha shule hakikuwa na nafasi ya tarakimu zote hizo, kwa hivyo uligawanya kwa mkono, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, masomo yakiisha. Ulinionyesha kwamba hakuna haja ya kujaribu kila namba: kigawanyo chochote lazima kizidi mafungu ya thelathini na nne kwa moja. Mia moja na tatu, ikaacha baki. Mia moja thelathini na saba, ikaacha baki. Ulifika karibu laki moja, ukafunika kalamu ukasema, "Hii ni safi, Mwende. Ingekuwa na kitu tungeshakiona." Nilikuamini.

Baada ya mazishi yako nilikukumbuka sana, nikaiingiza kwenye programu ya simu. Jibu lilitoka kabla chai haijapoa. Milioni mbili, elfu sabini na moja, mia saba ishirini na tatu, mara namba nyingine ndefu zaidi. Nilizidisha mwenyewe, ukurasa mzima, nikitumaini simu imekosea. Moja zikatoka zote. Nililia hapo mezani, na sikuwa nikililia namba.

Uliposhindwa kumeza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa mke wako, Mama Kioko, bila kuusukuma kwa maji, ulipimwa taifodi, ukapimwa amiba, ukapimwa vidonda vya tumbo. Kila mara ulirudi ofisini ukitabasamu: "Hakuna kitu. Ni asidi tu." Daktari alitaka kamera ishuke kooni, ukasema vipimo vyote viko safi, ya nini kujisumbua. Kamera ilipokuja kushuka, saratani ilikuwa imeshafunga njia. Nimekukasirikia, Mwalimu. Nakukasirikia hata sasa, ukiwa umelala Kangundo chini ya udongo ambao haujatulia vizuri. Ulijaribu vidogo ukaishia hapo, kwenye vigawanyo na kwenye vipimo.

Kaburi linajengewa Jumamosi. Uliacha umesema namba iandikwe kwenye simiti, na chini yake neno "Haigawanyiki". Mama Kioko alinipa mimi kazi hiyo: "Wewe ndio unajua ile namba yake, sisi hatujui." Ningeliandika tu. Nani wa Kangundo angesimama kaburini kuanza kugawanya? Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa, nikamwambia ukweli jikoni kwake. Aliendelea kuchambua maharagwe. Halafu akasema, "Kwa hivyo hata hapo hakufika."

Nikamwambia ulifika mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini hapana, hukufika.

"Basi andika vile iko," akasema. "Mimi nimechoka kuambiwa ni safi."

Kwa hivyo nakuahidi, moja zako zote zitakuwa hapo. Nitazichora mwenyewe kwa msumari simiti ikiwa mbichi, na chini yake vigawanyo viwili, kile ambacho hukukifikia na mwenzake. Neno lako sitaliandika. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, ni sawa pia.

Najua ungeniambia nizidishe tena. Nitazidisha tena Ijumaa, kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, na safari hii sitatumaini chochote.

Kwaheri, Mwalimu wangu.

Mwende