Wifi Yangu na Mstari Mmoja wa Mwezi Mzima

Mshauri mpendwa, pole na kazi, naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana mimi ni mshona nguo na ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, Jumatatu niko maombi ya akina mama, Jumatano mazoezi, Ijumaa kamati, Jumamosi tunatembelea wagonjwa, watu wananiita Mama Nguzo, lakini kweli ya Mungu huu ni mwaka wa pili sijapiga goti peke yangu, nikifumba macho kuomba nawaza vitambaa vya wateja. Na nyumbani tunaishi na wifi yangu, dada wa mume wangu, yeye ni mfagizi hospitalini, kanisani hana cheo, anasoma kwa kuburuta kidole, ila kila asubuhi atakaa kwenye ngazi ya jikoni na Biblia yake, atasoma mstari mmoja, atafunga, atatulia kimya, ndipo aende kazini.

Siku moja wanakamati wako sebuleni nikamtania, na haukuwa utani mzuri, nikasema, "Wifi, mwezi mzima uko mstari ule ule wa kusamehe, wenzio tumeshamaliza vitabu!" Wakacheka. Akanijibu polepole, "Kuusoma nimemaliza, wifi. Kuutenda ndiyo bado." Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Jumamosi yake tukaenda kuimba wodini, nikamkuta wifi, zamu yake imeisha saa nzima iliyopita, ameinamia kitanda cha pembeni anamnywesha mgonjwa maji kwa kijiko, kumtazama vizuri ni yule msimamizi wake wa zamani, aliyemsingizia wizi wa sabuni hadi wifi akakaa miezi mitano bila kazi! Nikamsikia mgonjwa anauliza, "Hivi wewe hunichukii?" Wifi akamwambia, "Jana nilikuchukia. Leo asubuhi pia, kidogo. Fungua mdomo."

Mshauri, sauti ilinikauka katikati ya wimbo, kwaya ikaendelea bila mimi, na tangu hapo nikiimba najisikia debe tupu. Barua ya kujiuzulu iko ndani ya mkoba, Jumapili naikabidhi, na wifi sijamwomba radhi, nitamtazamaje? Nifanyeje?

Mama Nguzo

*

Mama Nguzo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili niliisoma kwa ajili ya wifi yako tu. Wengine wanafunga safari kumtafuta mtu wa kuwafundisha kumjua Mungu, na wewe wako anakuoshea vikombe! Hujui ulichopewa, dada.

Pole, lakini nitakusema. Umeijaza wiki kazi za Mungu mpaka Mungu mwenyewe amekosa pa kukaa. Mpishi naye hufa njaa jikoni kwake asipokula. Hata hivyo usijihukumu kupita kiasi: maiti hasikii kiu. Kama umekauka na unaumia kwa kukauka, roho yako ingali hai, inalilia chakula.

Hiyo barua ichane leo. Kuikimbia kwaya kwa aibu ni kiburi kilichojifunika shuka ya unyenyekevu. Achana na kamati, itapata mtu kabla kiti chako hakijapoa, na saa zile za Ijumaa kaa na Mungu bila daftari wala simu. Akili ikikimbilia vitambaa, mwambie habari za vitambaa. Wifi yako hakujifanya malaika pale kitandani, ulimsikia mwenyewe. Alisema ukweli, kisha akaendelea na kijiko. Ndivyo roho inavyokua, mama. Mwombe akupe nafasi kwenye ile ngazi, na umwache yeye asome, hata kidole kikichelewa.

Ulimwaibisha mbele ya wanakamati, basi mtake radhi mbele yao hao hao. Lakini usingoje mkutano. Leo ukifika nyumbani ukamkuta anafua, shika upande wa pili wa shuka, muikamue pamoja, na neno "nisamehe" likutoke kabla maji hayajaisha kudondoka.