Pepo wa Bibi Amepigwa Picha

Bongwe, Kwale
14 Mei 2025

Mpendwa Dada Nadhira,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na shemeji Ishak, na joto la huko halijawazidi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila mimi nina hangaiko, na ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Kwenye simu kila nikianza wacheka. Najua, mimi ndiye mzushi wa ukoo. Hata nikisema nyumba inaungua mtangoja mwisho wa kichekesho. Ndiyo maana nimempa Feisal, anayesafiri kuja huko, barua akuletee.

Wakumbuka ugonjwa wangu: moyo wadunda ghafla, kichwa chagonga, jasho chepechepe, halafu shwari. Nikifika zahanati presha imeshashuka, muuguzi ananitazama kama mtu anayekwepa kazi. Shangazi Dama akasema ni pepo wa bibi, amenipanda. Nikafukizwa ubani ndani ya shuka mpaka nikanukia kama bibi harusi. Pepo akatulia kidogo, kisha akarudi nikishona kanzu ya watu, sindano ikanipita kidoleni.

Mwezi uliopita akanijia mbele ya daktari. Presha ilipanda hata nikakatazwa kuinuka kitini. Wakapima mkojo, wakanipiga picha: kuna kiuvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, kinamwaga homoni ovyo, nazo ndizo zinazopandisha presha. Nitapasuliwa, lakini kwanza nameza dawa za kuituliza.

Halafu daktari akaniuliza, "Kuna mwingine kwenu?"

Nilitaka kumtania, nikamkumbuka bibi. Bibi alianguka jikoni akitiririka jasho, hakuinuka tena. Na wewe, dada, uliniambia kwa kinywa chako, "Hata mimi ameshanijia, tumegawana urithi."

Nawe mwezi ujao wapasuliwa mawe ya nyongo. Daktari anasema mwenye uvimbe huu akitiwa usingizi bila zile dawa, presha yaweza kumuulia pale pale mezani. Tangu nisikie hayo situlii; kanzu za Idi zimelala juu ya cherehani, na wenyewe wanapita wakichungulia.

Waambie madaktari wako, dada, wakupime kabla ya sindano ya usingizi. Wakipima wasione kitu, nicheke mwaka mzima, nami nitakusaidia kucheka.

Mama anakusalimu sana, na mke wangu Twaiba, na Shangazi Dama, ambaye ameiona picha na kusema pepo akitaka hupigwa picha. Mola akulinde hapo utakapolazwa, akuamshe.

Nduguyo akupendaye, na leo hatanii,
Zahoro