Kurasa Ishirini na Nne za Mwisho

4 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba kile kidole ulichojikata kwa kisu cha karatasi kimepona. Sisi huku wazima. Bibi anasema magoti yake yanamkumbusha kila asubuhi kwamba bado yapo. Na Baba je? Mwambie namwamkia. Najua hawezi kutoa sauti mpaka koo alilopasuliwa huko hospitalini lipone, kwa hiyo aitikie kwa kichwa, nawe uniandikie ameitikia vipi.

Kitabu kimefika! *Fundi wa Anga* cha pili! Nilidhani nitakingoja mpaka nizeeke. Wewe unayefanya kazi ya kujalidi una bahati, vitabu unavishika vikiwa bado vinanuka gundi. Nimekimaliza kwa siku mbili, na Bibi nimemsimulia chote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao watu wote huko juu angani, nani anawapikia?"

Sasa kuna vita shuleni. Klabu yetu ya wasomaji inayo nakala yake moja, imezunguka kwa kila mtu, na karibu wote wamekichukia. Anayewaongoza ni Wakili, yule mvulana wa darasa letu anayebishana hata na kengele. Anasema kwenye kitabu cha kwanza Fundi alitengeneza pampu kwa birika la chai, sasa iweje ashindwe na mtambo wa hewa? Na chombo cha kuokolea kilibeba sita, leo kinabeba wanne, kwani watu wamenenepa?

La chombo ninalo jibu. Nimerudia kitabu cha kwanza: wale sita hawakuvaa mavazi ya anga, na watatu walikuwa watoto. Lakini hili la kushindwa silielewi. Nani kawaambia Fundi ameshindwa? Kitabu kinaisha akiwa ameshika bisibisi na kifuniko cha mtambo kimefunguka. Nadhani watu hawajazoea mwisho ulioachwa wazi. Wanajaza wenyewe, na wanajaza mabaya.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna mdahalo. Nimeandikisha jina langu. Ndiyo, mimi.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu, msomi wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta salama, kidole kimepona, kimebaki kikovu cha kuwaonyesha watoto siku nikiwa nao. Bibi mwambie magoti yake nayasalimu yote mawili.

Baba ameitikia kwa kichwa mara mbili, na mara ya pili alifumba macho kabisa kama mtu anayesikia wimbo. Anaendelea vizuri. Anakunywa maziwa, amenenepa kidogo usoni. Madaktari wanasema ni suala la muda tu.

Kuhusu mdahalo, wewe ambaye ukiitwa ubaoni unataka kuzimia umepatwa na nini? Nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kama gundi imenipanda kichwani. Lakini nisikilize. Usipigane sana kwa ajili ya kitabu. Waache na maneno yao. Mtihani wako ni mwezi wa sita, ukishapita tutakizungumza wote watatu, mimi na wewe na Baba, ukurasa kwa ukurasa.

Msomee Bibi barua hii yote.

Kaka yako

28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Baba hajambo?

Mdahalo ulikuwa leo, nakuandikia nikiwa bado na sare. Nilisimama. Sauti ilitoka. Nilianza na chombo cha kuokolea, nikasoma kurasa zenyewe, na msichana mmoja wa nyuma akaniita kwa lile jina lao la utani, "Eh, Kimya kumbe ana ulimi!" Wakacheka, lakini cheko zuri. Nikapata moyo. Nikasema: mnalaumu mwandishi kwa kitu ambacho hakukiandika, Fundi hajashindwa, kitabu kinaisha kabla hajajaribu.

Darasa zima likaangua kicheko, na hicho hakikuwa kizuri. Wakili akasimama, akauliza, "Samahani, mwenzetu umesoma kitabu gani?"

Alikuja na nakala ya klabu mpaka kwenye dawati langu. Yake ina kurasa 232. Yangu inaishia 208.

Nilikuwa nimekibeba kitabu karibu mwezi mzima kama mtoto, sikuwahi kutazama mgongo wake. Leo nimeutazama. Ukijua pa kutazama unaona: kuna karatasi kumi na mbili zimekatwa sambamba na uzi, jalada limerudishwa, gundi haikuvuja hata tone. Ni kazi safi. Namjua mtu mmoja tu mwenye mkono huo.

Kwa nini, Kaka?

Tena sikuulizi kwa sababu ya aibu, ingawa nimeaibika. Nauliza kwa sababu nimetoa barua zako zote chini ya godoro, nimezisoma upya kuanzia ya Januari. Kila barua inasema Baba amenenepa kidogo. Kwa hesabu hiyo asingepita mlangoni. Umekata nini kingine?

Mdogo wako

24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wiki zinapita na hujajibu. Bibi kila alasiri anaweka kiti mlangoni, ananiuliza kama mtu wa posta amepita. Namwambia barabara mbaya.

Wakili aliniazima ile nakala. Nimesoma kurasa ishirini na nne zilizobaki. Sasa najua kwamba Fundi alijaribu siku tatu, mtambo ukakataa, akawapakia wengine kwenye chombo cha kuokolea, akabaki yeye na nahodha mzee, wanacheza karata mpaka hewa inaisha. Hakuna anayerudi kuwachukua. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaomba mdahalo mwingine.

Mwalimu wa klabu alinipa dakika tano. Wakili akasema, "Fundi wa kweli angeutengeneza. Hili ni kosa la hadithi, basi." Nikamwambia baba yangu ni fundi redio wa mwaka wa thelathini, na kwenye rafu yake kuna redio saba alizoshindwa. Si kwamba alisahau kazi. Nimemwona akikaa na moja wiki nzima, anapima, anapuliza vumbi, anapima tena, mwisho anaifunga na kuandika jina la mwenyewe juu yake. Hakuna aliyesema hilo ni kosa la hadithi. Nikasema kitabu cha kwanza kilituonyesha yale yanayotengenezeka, na mwandishi hakutuahidi popote kwamba yote yako hivyo.

Tukapiga kura kama kitabu kibaki kwenye orodha ya klabu. Kumi na moja wamekataa, mmoja amekubali. Huyo mmoja ni mimi. Nje Wakili akanifuata, akasema, "Kimya, kitabu bado ni kibovu. Ila umeongea."

Sikufurahi. Nilipokuwa nasema habari za zile redio, nilijisikia namsema Baba. Tafadhali niandikie. Usinihurumie.

Mdogo wako

4 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako mbili ziko mbele yangu. Nimeanza kujibu mara nne, nikachana mara nne.

Nilikata mimi, saa ya chakula, mashine zikiwa zimezimwa. Nilikuwa namsomea Baba kitabu wodini, sura moja kila jioni baada ya kazi, kwa sababu cha kwanza alikipenda. Tulipofika mwisho akaomba penseli kwa ishara, akaandika: *Mwisho huu mdogo wako asipewe kabla ya mtihani.* Nikamuuliza, "Na barua?" Akaandika: *Na barua.*

Februari hawakumtibu. Walimfungua, wakatazama, wakamfunga. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kifuani. Alipozinduka nikamweleza, naye akaandika, *Hata mimi hufanya hivyo. Namrudishia mwenyewe.* Akatikisika kwa kucheka, nesi akaja mbio akidhani anakabwa.

Hajanenepa. Ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Nimeomba nimlete nyumbani, daktari amekataa, siku mbili za barabara hatazimaliza. Jana ameniita pembeni akasema ni wiki moja, labda mbili akijitahidi. Mara nyingine Baba ananitambua, mara nyingine ananionyesha kwa kidole kitu kilichoharibika ukutani, na ukutani hakuna kitu.

Nilimsomea uliyosema kuhusu redio saba. Aliinua vidole vinane.

Kuhusu Bibi sijui. Wewe ndiye unayemsomea. Kurasa zilizobaki ziko humu ndani ya bahasha, ni zako.

Nisamehe.

Kaka yako

15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Sina la kukusamehe, na hata kama lipo, limeisha.

Bibi alikuwa mlangoni kabla yangu, akaipokea yeye, akaipapasa, akasema, "Nzito. Kaandika mengi." Akakaa na nguo yake anayoitia vifungo, akaniambia nisome.

Nilisoma salamu. Kisha nikafika pale pa Februari, na mdomo wangu ukasoma vitu ambavyo havikuwepo. Nilisema Baba ametembea mpaka dirishani, na kwamba amekula yai. Sijui yai lilitoka wapi. Bibi akashusha pumzi, akakata uzi kwa meno.

Unajua desturi yake, barua inasomwa mara mbili, siku inapofika na kesho yake ikishapoa. Jana akaniita tena. Nikasoma vizuri mpaka pale, nikasema ametembea mpaka mlangoni, amekunywa maziwa.

Akasema, "Jana lilikuwa dirisha."

Nikageuza ukurasa.

"Na yai. Yai limekwenda wapi?"

Kaka, sikuweza. Niliweka karatasi mapajani. Hakunigombeza. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa yangu, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sijui kusoma, lakini kusikiliza najua. Anza juu. Polepole. Usiruke."

Nikasoma yote, mpaka vidole vinane. Hakulia. Alikusanya vifungo vilivyoanguka, kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo. Kisha akaniambia nichukue kalamu, ana maneno ya kumpelekea mwanawe, na wewe umsomee.

Barua yako imekaa njiani siku tisa. Hii nayo itakaa tisa. Hesabu hiyo naijua, nawe unaijua. Bibi hakuniuliza, nami sikusema. Nimeandika kama alivyotamka. Msomee, Kaka. Popote alipo.

*Mwanangu, ni mimi mama yako. Nimeambiwa yote, usihangaike kuitikia. Kitanda chako nimekitandika, si kwa kukungoja, ni kwa kuwa shuka zilikuwa zimekauka. Ulikuwa mtoto wa kulia sana, na mimi nilichoka, kila mara nikakwambia nyamaza. Hilo nalijutia. Mtoto wako anaandika haya, mwandiko wake mzuri, ungeuona. Ukihisi usingizi, lala.*

Mdogo wako