Walikuja Kuniposa, Wakaondoka na Mdhamini Wetu

Jumamosi, Novemba 2012. Yeoville.

Mchana mvua ya mawe imepiga mabati ya jirani mpaka tukawa hatusikiani humu ndani. Sasa imekatika. Nimejifungia chumbani na kompyuta kwa sababu nikikaa sebuleni nitavunja kitu cha watu. Nina hasira, na si ile ya kulala ikaisha.

Mliozoea kupita hapa mnakumbuka nilivyoandika juzijuzi: Feisal analeta posa, Feisal hivi, Feisal vile. Niliandika kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Yafuteni yote.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, nianze mwanzo. Nafanya kazi Randburg, upande mwingine wa jiji hili la kusini mwa Afrika, kwenye kampuni ndogo inayozitafutia timu za kriketi wadhamini. Ile nembo unayoiona kifuani mwa mchezaji, sisi ndio tumeihangaikia: kubembeleza wakubwa, kuwalisha kwenye vyumba vya vioo pale uwanjani, kuchekea vichekesho visivyochekesha. Kriketi nimejifunza ukubwani. Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa, hatukuwa na mchezo wa kusimama katikati watu wakanywe chai.

Feisal ni wa Mombasa. Naye kazi yake ni hiyohiyo, ila kwa washindani wetu kule Sandton. Tulijuana uwanjani, vyumba vyetu vikiwa vimepakana. Ndiye aliyenieleza kwa nini mchezaji ametolewa na mpira haukugusa hata vijiti vyake. Alinieleza mara tatu bila kunicheka, na mimi ya tatu nilijifanya sijaelewa ili aendelee kuzungumza. Tukakubaliana tangu mwanzo kwamba ya kazini yabaki kazini. Na yalibaki.

Mwaka huu tulinasa mdhamini mkubwa, kampuni ya rangi za nyumba. Ofisini waliomjua ni wachache mno, maana mdhamini ambaye hajatia saini ni kama kuku wa sokoni, yeyote aweza kumbeba. Bosi wangu akataka jezi moja ya mfano, yenye nembo yao, ishonwe mahali pasipo na macho. Nikamwambia mpe mjomba wangu. Mjomba Hamadi ni fundi cherehani hapahapa Yeoville, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wateja wake ni akina mama wa Kongo wanaotaka magauni ya harusi. Nani kati yao angejali jezi ya kriketi?

Kwa Feisal nilitamka jambo moja tu, tena kwa furaha: kwamba safari hii mjomba ameshika kazi ya ofisini kwetu. Sikusema kazi gani. Siku chache baadaye posa ikapata haraka, eti wazee wako tayari Jumapili hii hii. Mimi nikadhani ni mapenzi yamemzidi!

Sasa sikilizeni walivyoitumia desturi yetu.

Kwetu mwoaji haji kuposa mwenyewe, huja wazee wake. Na huku ugenini, ambako baba wa mtu yuko Mombasa, wazee huazimwa. Unamwomba mtu mzima unayemheshimu, anavaa kanzu, anakwenda kukusemea. Si aibu, wote tunafanya. Mwali naye haonekani. Kwa hiyo Jumapili ile nilikuwa jikoni na Bi Mariamu, mke wa mjomba, nageuza sambusa, huku nikisikia kwa taabu, kwa mlio wa mafuta, sauti ya mzee mmoja mwenye kicheko kizito akijitambulisha kuwa ni baba mdogo wa Feisal. Nyumba yetu ni ndogo, wageni walikaa mbele, kwenye duka la mjomba, kazi zake zikiwa zimefunikwa shuka.

Ningepeleka chai mwenyewe, nisingekuwa naandika haya. Lakini mwali hapeleki chai.

Alhamisi bosi akaniita. Kampuni ya rangi imetia saini na wale wa Sandton, kwa timu nyingine, kwa bei ya chini kuliko yetu. Waliifuata wakijua kila kitu, mpaka umbo la kola. Akaniuliza nani mwingine aliiona ile jezi. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nafikiri. Yeye akaona nimekiri. Nikaambiwa niache kadi ya mlango, nirudi Jumatatu nikasikilizwe. Eish! Mimi niliyewabebea wakubwa wao miavuli mpaka mkono ukafa ganzi, leo ni mwizi.

Nyumbani sikusema kitu. Jana mjomba akaniona nimenuna, akafikiri ni wasiwasi wa ndoa, akaniletea simu yake nione picha aliyopiga na wakwe. Katikati, ndani ya kanzu nyeupe, kikombe mkononi, amekaa Bwana Yusuf.

Bwana Yusuf, naye wa Mombasa, ndiye mkuu wa kampuni ya Feisal. Nimekaa naye meza moja kwenye mikutano ya wadhamini, namjua mpaka saa anayovaa; kicheko chake tu ndicho sikukijua, mikutanoni huwa hacheki. Na nyuma ya mabega yake, imetundikwa wazi, shuka limeondolewa, jezi yetu.

"Mzee mwungwana sana huyu," mjomba akaniambia. "Kaniuliza kazi zangu, kasema hajapata kuona mkono kama huu. Nikamfunulia na ile ya kwenu. Si ni mkwe?"

Si ni mkwe! Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nisisikike nikilia.

Kisha nikampigia Feisal. Hakukana, nampa hilo. Alisema kila mtu huazima mzee, na Bwana Yusuf alijitolea mwenyewe, alisema anataka kuona tu. Nikamuuliza kuona nini, mimi au jezi? Halafu akanipa habari njema: amepandishwa cheo. "Saada, ni kwa ajili yetu wawili," akasema. "Si tutahitaji nyumba?"

Yaani nikalale kwenye nyumba iliyojengwa kwa jina langu lililochafuliwa, na nimshukuru! Nilikata simu. Kusema hapana sikuweza. Naungama hapa kwamba usiku mzima nilikuwa namtafutia udhuru. Kijana, yuko ugenini, bosi kamshika koo. Nilikuwa karibu kuupata.

Leo alasiri, baada ya mvua, wageni wamerudi kuchukua jibu.

Akina mama wakanikalisha kitandani, wakanifunika kanga, Bi Mariamu akaniuliza kama namridhia Feisal bin Omari awe mume wangu. Kwetu mwali hajibu. Kimya chake ndiyo ridhaa yake, na anayejibu haraka huonekana hana haya. Mimi nilinyamaza kwa sababu ule udhuru wake nilikuwa bado nautafuta. Bi Mariamu akasubiri kidogo, akatabasamu, na vigelegele vikapasuka mle chumbani.

Jamani! Alhamisi nimenyamaza, nikawa mwizi. Leo nimenyamaza, nimekuwa mke wa mtu.

Ndipo nikasikia kutoka dukani kile kicheko kizito. Mwanaume amekuja tena! Amekaa kwetu, anakula sambusa nilizokunja kwa mikono yangu, anasubiri kupewa na mimi juu ya mdhamini.

Nikavua kanga. Bi Mariamu akanishika mkono, nikamwambia niache mama, kisha nikaingia dukani mbele ya wanaume, kichwa wazi, kama mtu asiye na kwao.

"Shikamoo, Bwana Yusuf," nikasema. "Sandton hawajambo?"

Kikombe chake kikabaki hewani. Mjomba akainuka, uso umemwiva kwa aibu. "Saada, mwanangu, una nini? Rudi ndani."

"Mjomba, huyu si baba mdogo wa Feisal, ni bosi wake. Ile jezi uliyomwonyesha ndiyo aliyoijia. Mdhamini wameshamchukua, na kazini nimesimamishwa mimi."

Mjomba si mtu wa maneno mengi. Alimgeukia mgeni wake akamuuliza kama ni kweli, kwa sauti ya kuomba, kama anayetaka ajibiwe si kweli. Na Bwana Yusuf akajibu kwa upole wote wa Mombasa: "Mzee wangu, biashara ni biashara, na posa ni posa. Tusivichanganye."

Tusivichanganye! Yeye!

Mjomba Hamadi humlazimisha hata mpima umeme anywe chai kabla hajasoma mita. Sijawahi kumwona akimwacha mtu atoke kwake na njaa. Leo ameinama, akaichukua sahani ya sambusa mbele ya Bwana Yusuf, akakichukua na kikombe mkononi mwake, akavipeleka jikoni. Aliporudi alisema posa haikupokelewa, akawafungulia mlango, akasimama hapo mpaka walipotoka. Hakumpa hata mmoja mkono.

Halafu akakaa kwenye kiti cha cherehani yake na akaniomba radhi. Mimi! Nimekasirika mara ya pili hapo, maana wenye deni la kuomba radhi wameondoka na gari lenye kiyoyozi, na mzee wangu ndiye anayefuta machozi kwa kitambaa cha wateja. Anasema Jumatatu atakwenda nami Randburg, aseme mbele ya bosi kwamba aliyefunua shuka ni yeye. Nimemkatalia. Ameshatoa suti yake kabatini.

Kazi huenda ikarudi, huenda isirudi. Nitasema yote, na jina la Bwana Yusuf nitalitaja kwa herufi zake zote, na picha ninayo.

Feisal ametuma ujumbe, tena na tena. Sijaufungua hata mmoja. Lakini niandike na hili, kwa kuwa pengine sitalisema kwa mdomo: nampenda. Leo asubuhi, angekuja mwenyewe, akaivunja desturi, akasimama mlangoni akasema nimekosa, Saada, nisamehe, sijui ningefanya nini. Huenda ningemsamehe mbele ya watu wote.

Alikuwa na usiku mzima na asubuhi yote ya kulifikiria. Akamtuma tena Bwana Yusuf.