Nani Atakaa Mbele Tukienda Nakuru

Asalaam aleikum Mama yangu,

Natumai karatasi hii inakukuta goti limepunguza maumivu, na ile dawa ya kupaka niliyotuma unajipaka wewe, hujampa Baba akampaka ng'ombe. Hapa Doha mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto si la mchezo. Nimebakisha wiki saba. Wiki saba tu, kisha narudi moja kwa moja, sio likizo.

Usishangae kuletewa barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu juu ya safari ya Nakuru, na mara tatu umenikatia. Haya basi, barua haikatwi. Nimempa Nekesa, yule dada wa Matete ninayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo na atakufikishia mkononi hapo Ekero. Mpe chai. Kisha vaa miwani, keti, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kugomba.

Jambo ni moja na unalijua. Nataka uingie kwenye hilo gari. Wewe bibi yake usipoingia, Zuhura haingii, ameshaniambia mwenyewe: "Kukhu akienda, nitaenda. Kukhu asipoenda, sitaki." Ana miaka sita na tayari ana kichwa kigumu kama chako. Nikiikosa hii safari naye, Mama, sijui nitaanzia wapi kuwa mama yake.

Kazini nipo palepale, chumba cha kufulia cha hospitali. Mwezi uliopita mashine ya kupiga pasi mashuka ilinilamba mkono, nikafungwa bandeji siku tisa. Usilie, umeshapona, kimebaki kikovu. Wakati wa mapumziko wenzangu wanalala juu ya magunia ya nguo, mimi nachukua kadibodi ya sabuni nachora njia. Msimamizi alinikuta siku moja akauliza kama nafungua kampuni ya utalii. Nikamwambia ndiyo, mteja wangu ni mmoja na ni msumbufu.

Sikia nilivyoipanga. Mume wangu Juma analeta gari la viti saba ambalo tajiri wake wa gereji pale Kakamega amekubali kumwazima. Tunatoka baada ya swala ya alfajiri, na Kisumu ndipo safari yenyewe inaanzia. Ahero utaona mpunga umesimama majini na ndege weupe wanatembea katikati yake kama wenye shamba. Kisha barabara inapanda, hewa inapoa, na ukifika Kericho ni majani chai kulia na kushoto. Wewe umezoea miwa, inayomeza mtu asionekane. Huko mtu akisimama shambani unamwona kuanzia kiunoni, na kikapu chake mgongoni. Tutashuka tunywe chai kwao, tujue kama ile nzuri wanajiwekea. Kule juu Mau ni baridi, kwa hivyo beba sweta, na ukianza kununua viazi vya barabarani sitakuzuia, lakini gunia moja tu.

Nakuru tunalala. Asubuhi tunaingia mbugani, tuone kifaru na twiga. Nasikia ziwa limefura miaka hii, miti imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji, na heroe, wale ndege wa waridi, wengine wamehama. Tutawaona waliobaki. Na najua utabeba obusuma na ingokho, ugali na kuku wako, kwenye kikapu, kwa sababu hakuna hoteli unayoiamini. Beba, lakini ukifunge. Nyani wa huko hawana adabu.

Sasa nije kwa kosa langu. Nilichora na gari pia, kila mtu na kiti chake. Juma kwenye usukani. Mimi na Zuhura katikati. Wewe nikakuweka mbele, kando ya Juma, kwa sababu ukikaa nyuma unatapika. Nikajiona nina akili kweli! Nikakupigia, nikakusomea. Ukauliza, "Eti mimi nikae wapi?" Nikarudia. Ukakata.

Nilikaa na simu mkononi sielewi. Nekesa akaitazama kadibodi, akashika kifua. "Rukia! Umemweka mamako goti kwa goti na mkwe wake mpaka Nakuru?" Alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Kwetu Matete wangekuitia baraza!"

Niliona haya, Mama. Mimi niliyekuwa nikikuona ukimwona Juma dukani unakata kona kupitia miwa ya watu, na yeye akikuona anageuza baiskeli, leo ndiye nawapangia kiti kimoja. Miaka minne ya huku imeniosha kichwa. Nisamehe.

Tangu hapo kila mtu amekuwa fundi wa kunipangia viti. Shangazi alisema tufunge leso katikati ya gari, wewe ukae upande huu na Juma upande ule. Hebu fikiria askari akitusimamisha Awasi akute pazia! Baba naye akaenda kumuuliza sheikh, akarudi na jibu kwamba mkwe ni maharimu wako, dini haina neno. Nasikia ulimjibu, "Dini naijua, na haya yangu pia ninayo." Baba akarudi zake kwa ng'ombe.

Halafu Juma akaniambia, "Mimi nitabaki. Tafuteni dereva. Kifaru nimemuona kwa televisheni." Alisema akicheka, lakini namjua, ilimuuma. Miaka minne mtu huyu ananingoja. Anajipikia, anajifulia, na kila mwisho wa mwezi anakuletea sukari na sabuni anaziacha kwa jirani ili asikukute uso kwa uso. Nimwache nyuma leo? Nikamwambia hapana, hubaki.

Na njia ipo, Mama, wewe unaijua kuliko mimi. Juma aje na wazee wake, alete blanketi na kuku, mle pamoja nyumbani kwako, na hii ya kukimbiana iishe. Shangazi mwenyewe ndivyo walivyomalizana na mkwe wake wa Musanda, na leo wanapanda gari moja kwenda sokoni wakibishana bei. Juma yuko tayari tangu mwaka wa kwanza. Blanketi lipo juu ya kabati yake, hata karatasi halijatolewa. Anayeahirisha ni wewe. Mwaka wa kwanza ulisema mvua ni nyingi. Wa pili ukasema Ramadhani imekaribia. Mwaka jana ukasema jiko linavuja na wageni wataloa. Mama, jiko hilo limevuja tangu mimi sijaanza shule!

Nilikasirika. Sikufichi. Nilimwambia Nekesa mama yangu ana kiburi. Alikuwa anakunja nguo zake za safari. Hakuniangalia, akauliza tu, "Huyo mtoto amelelewa na nani?"

Nilienda kazini na swali hilo, nikakunja mashuka siku nzima. Nikaelewa kwamba si haya ya mkwe peke yake. Siku Juma atakapokula kwako kama mwana wa nyumba, hakutakuwa tena na sababu ya mtoto wake kulala Ekero. Unajua likipokelewa blanketi, kinachofuata ni Zuhura kufungiwa nguo zake. Ndiyo maana mvua, ndiyo maana Ramadhani, ndiyo maana jiko. Pole, Mama. Ningepaswa kuliona mimi, si mtu wa Matete.

Na sitakudanganya ili upande gari. Nikirudi nitakaa na mwanangu. Juma amepata nyumba ya vyumba viwili Kakamega, shule iko karibu. Hilo halitabadilika, na ninaliandika huku nalia kwa sababu najua ninakuomba nini. Wewe ndiye unayejua kwamba anaogopa bata. Wewe ndiye umemfundisha kusema bismillahi kabla hajagusa chakula. Akipata homa ni mgongo wako unaolowa jasho lake. Mimi najua nini? Najua sauti yake, na hata hiyo ananipa kidogo, kisha anakimbilia nyuma ya leso yako. Juzi nilimuuliza nimletee nini. Akasema, "Muulize kukhu."

Ningeweza kuja na gari siku moja, nimbebe, tuondoke akilia dirishani na wewe umesimama uani. Wako wanaofanya hivyo. Mimi sitaki. Nataka siku tatu ndani ya gari moja, sote tukiwepo. Aanze safari amelala mapajani mwako. Pengine tukifika Kericho ataniomba maji. Pengine kule Mau atasikia baridi, na mwenye sweta yake nitakuwa mimi. Akiniogopa akutazame wewe, akuone unacheka nami, ajue mimi si mtu mbaya. Mama, sitaki kumpokonya. Nataka unipe mwenyewe, polepole, mkono wako ukiwa bado mgongoni mwake. Na baadaye kila Ijumaa jioni tutamleta kwako, na ukimfundisha kunigombeza nitanyamaza.

Viti nimevichora upya. Sisi wanawake watatu nyuma, Zuhura katikati yetu. Hata mkishakula na Juma sitakulazimisha kukaa mbele, najua haya haiishi kwa siku moja. Kiti cha mbele kikae kikapu cha chakula, nacho kifungwe mkanda. Ukitaka kutapika, tapika, nitaosha mimi. Kufua ndiyo kazi yangu.

Ukikubali, usinipigie. Mwambie tu Baba amwite Juma na wazee wake. Wakishakula, nipate picha yako umejifunika hilo blanketi. Hapo nitajua.

Nisalimie Baba, mwambie nimesikia kwamba yeye na ng'ombe zake hawaachani na nyumba ataichunga yeye. Nisalimie Shangazi, na leso zake azivae, asifunge magari. Nisalimie jirani yetu anayetuwekea sukari na sabuni, mwambie kazi hiyo huenda ikaisha, asikasirike. Zuhura usimpe salamu kwa mdomo tu. Mshike mashavu yote mawili, umbusu, umwambie zimetoka kwa mama yake. Sema hivyohivyo, "mama yako," hata kama itakuuma kusema.

Mwanao akupendaye,
Rukia