Askari wa Kitabuni na Mgeni wa Dada

Jumamosi, 24 Mei

Maandazi ya leo yametoka magumu. Nimewaambia wateja hayo ni mapishi ya Lubumbashi, wakayamaliza. Dongobesh nzima hakuna mtu anayeweza kuuza andazi gumu kama mimi Bura.

Jioni kitabu, kama kila Jumamosi. Mwalimu Zuhura anasoma, sisi tunakunywa chai na kubishana. Yeye katokea Lindi, Kiswahili chake kimenyooka. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nchi anazofundisha kwenye ramani mimi nimezipita na lori.

Riwaya ya vita vya Mjerumani. Askari wamechoma kijiji. Kesho yake binti wa kijiji hicho anamkuta askari mmoja shambani, ana risasi pajani. Anamburuta mpaka ndani. Anamficha.

Hoteli imewaka. Fundi cherehani kasema binti ni msaliti, angemwacha afe. Mama muuza ndizi kasema hapana, angemwacha afe polepole. Mimi nikawaambia hayo ni mapenzi, nikatoa mfano wa mpenzi wangu wa Kitwe, enzi za lori. Wamecheka sana. Dada yangu Martina hakucheka. Kauliza, "Mwalimu, jeraha alilisafisha na nini?" Halafu, "Na mbwa hawakubweka?"

Wenzake wanagombana, yeye anauliza mbwa.

Sulle bado yuko hospitali. Mtoto wa kaka yangu. Mkuki wa tumbo, juzi Alhamisi, ng'ombe wa wafugaji wa Kidatoga walipoingia kwenye mahindi kule kwa Martina, watu wakashikana. Martina ndiye aliyemfunga tumbo kwa kanga yake mpaka gari likaja. Sijui kapata wapi moyo wa kuja kusikiliza riwaya.

Jumatatu, 26 Mei

Asubuhi nimewasimulia sura ya Jumamosi wale walioikosa. Kwa kusimulia namzidi Mwalimu, kila mtu anajua. Nikaigiza na maswali ya dada, sauti na yote. Nikamalizia, "Huyu dada yangu lazima ana Mjerumani wake ndani!"

Kicheko mpaka barabarani.

Amnaay hakucheka. Ni kaka yake Sulle. Aliweka kikombe mezani taratibu, akatoka. Chai ilikuwa nusu. Tangu nifungue hoteli hii Amnaay hajawahi kuniachia chai.

Baadaye fundi kaniambia. Siku ile kuna Mdatoga mmoja alianguka, mtu wa Balangdalalu, upande wa Katesh, na hakuonekana kurudi kwao. Amnaay na wenzake wanazunguka mabondeni tangu Ijumaa na marungu.

Nimekumbuka maswali ya dada, jeraha na mbwa. Kesho naenda kwake.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda kwa dada. Kanipokea njiani, mbali na nyumba. Dada huyu alinifundisha shikamoo kwa fimbo. Leo hakuisubiri. Kauliza, "Umekuja na nani?"

Nikapita. Nikasukuma mlango wa chumba cha mahindi.

Yupo.

Mtu mzima, mrefu kuliko mimi, kalala juu ya magunia. Paja limevimba, limefungwa kanga. Nimeitambua. Ni nusu ya ile aliyofungwa Sulle. Dada aliichana vipande viwili siku ileile.

Nimemuuliza yule mtu, "Wewe ndiye uliyemchoma mtoto wetu?" Kasema kulikuwa na vumbi, watu wengi, hajui mkuki wa nani uliingia wapi. "Wangu niliutupa." Sikulipenda jibu. Sikuona kuwa ni uongo pia.

Dada kaniambia, "Walianguka wawili shambani kwangu. Mmoja mlimpakia gari. Huyu nani angempakia?"

Nilitaka kumpiga yule mtu. Naandika ukweli, nilikunja ngumi kabisa. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nimerudi nyumbani bila sweta.

Jumatano, 28 Mei

Nimemweleza dada utani wangu wa Jumatatu. Nilidhani atanitukana. Alikaa tu chini.

Afadhali ningetukanwa.

Alhamisi, 29 Mei

Nimewaza polisi. Lakini kutoka kwa dada mpaka kituoni lazima upite sokoni, na sokoni wamekaa Amnaay na wenzake. Kila gari linalotoka bondeni wanalisimamisha, wanachungulia. Mwenyekiti wa kijiji kajifanya haoni. Yule mtu hafiki hai.

Nimempigia dereva rafiki yangu wa zamani, anayepakia vitunguu saumu. Tumevuka naye mipaka yote. Hakuuliza maswali mengi. Wiki ijayo anashuka Katesh, atamchukua. Kule ndugu zake watakuwepo, na atajisalimisha polisi mwenyewe, kwa mguu wake mmoja. Mambo mengine waamue wenye kazi hiyo. Mimi sitaki auawe kwenye shamba la dada yangu.

Jioni nimekwenda hospitali. Sulle hakunijua. Nimemtania, hakunijibu. Nimetoka nje nikasimama kwenye pampu yao ya maji kama mtu anayesubiri ndoo.

Nampenda mtoto yule. Na mgeni wa dada anavaa sweta langu. Sijui haya mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja.

Jumamosi, 31 Mei

Amnaay kaja kwenye kitabu.

Hajawahi kuja. Vitabu huwa anavicheka. Leo kasimama mlangoni, mgongo umeegemea fremu, hakuna mtu anayetoka wala kuingia bila kumgusa. Kanisalimia vizuri, "Shikamoo baba mdogo." Nimeitika. Hakukaa.

Dada alikuwa kwenye kona yake. Nilimwomba asije. Kasema asipokuja ndiyo watajua.

Kitabuni wanakijiji wenyewe sasa wanamtafuta askari, nyumba kwa nyumba. Binti anajibu mlangoni na unga mikononi. Fundi cherehani, yule aliyesema msaliti, leo kapiga kelele, "Wasimpate!" Mama muuza ndizi kamwambia, "Wewe wiki iliyopita ulitaka afe." Fundi kasema wiki iliyopita alikuwa hamjui.

Amnaay kauliza toka mlangoni, "Mwalimu, huyo askari kafichwa chumba gani?"

Mwalimu Zuhura kalamba kidole, kafunua kurasa nne kwa pamoja. Mimi nilikuwa karibu, nimeziona. Kasema, "Mwandishi hakutaja." Halafu kafunga kitabu, kasema koo linamuuma.

Hakumtazama dada hata mara moja. Mwalimu anajua.

Amnaay kaondoka wa mwisho. Kapita pale dada alipokuwa amekaa, kasema, "Shangazi, nitakuja kukusalimia."

Jumapili, 1 Juni

Sulle amefariki.

Gia nilimfundisha mimi, kwenye lori bovu lililozimwa. Alikuwa anatoa sauti ya injini kwa mdomo.

Jumatatu, 2 Juni

Wamekwenda kwa dada leo. Wanaume wengi, Amnaay mbele. Mimi nimekimbia njia ya mkato, kwa kitambi hiki, nikafika nao sawa.

Tawi la miiba limelazwa njiani, katikati. Dada kasimama upande wa pili, kichwa wazi. Kasema kwa sauti ya kawaida, "Damu ya Sulle nimeishika kwa mikono hii. Iko kwenye nguo zangu na sakafu yangu. Nimeingia metimani. Atakayevuka anaibeba kwake."

Metimani. Ni mwiko wetu wa zamani: nyumba ikiguswa na kifo kibaya, mtu haingii, moto hauombwi, chombo hakiazimwi, hadi muda uishe na isafishwe. Kote nilikopita na lori nimeisimulia kama kichekesho. Wakongo wamecheka mpaka machozi.

Leo sikucheka. Wale wanaume wamesimama kana kwamba wamekuta mto umejaa. Wengine wana smatifoni, wengine wanaimba kwaya. Hakuna aliyevuka. Mmoja aliyekuwa ameikanyaga miiba kwa bahati mbaya alirudisha mguu akaupangusa kwenye majani.

Amnaay kamwambia, "Shangazi, unatumia damu ya ndugu yangu." Dada kasema, "Ndiyo. Nilimfunga mimi. Wewe siku ile ulikuwa unakimbiza ng'ombe."

Nilidhani atavuka. Nikamshika bega, nikamwambia twende tukachimbe kaburi. Akaja. Lakini kaacha watu wawili pale, wakae mpaka mazishi. Baada ya mazishi, kasema, yeye mwenyewe anavuka, akafie mbele kama ni kufa.

Jumatano, 4 Juni

Tumemzika Sulle.

Wale wawili waliokuwa wanalinda tawi nao wamekuja. Hakuna anayekosa mazishi ya kijana mwenzake. Hilo ndilo nililokuwa nategemea. Rafiki yangu alikuwa na lori nyuma ya kilima, anasubiri watu wapungue.

Baada ya ibada nikaomba kusema kidogo kwa niaba ya ukoo.

Nimesema. Mungu anisamehe, nimesema kuliko siku zote za maisha yangu. Nimesema ya lori bovu na sauti ya injini. Nimesema alivyoiba maandazi yangu akayarudisha kwa kuwa yalikuwa magumu. Watu wamecheka wakilia. Nilipoona Amnaay anatazama upande wa bondeni nikamtaja jina, nikamwita mbele asimame nami, nikamshikilia mkono. Nikaanza ya utoto wao wawili. Alikuwa analia, mkono wake mzito kama jiwe, na mimi nimeushika kwa upendo na kwa ujanja, vyote kwa pamoja. Padre kaangalia saa. Kaka yangu kanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mvua nyepesi ikaanza, nikaendelea.

Halafu honi. Mara mbili, ng'ambo ya kilima.

Nikasema amina. Mkono wa Amnaay sikuweza kuuachia mara moja.

Kavuka jioni hiyohiyo, kama alivyosema. Peke yake, wenzake wamebaki nyuma ya miiba. Kakuta magunia, na dada anafagia. Katoka.

Ijumaa, 6 Juni

Rafiki yangu kapiga simu. Yule mtu amefika Katesh. Yuko wodini, polisi wamekaa mlangoni, ndugu zake wamekaa nje. Mguu huenda ukakatwa. Kasema ananisalimia. Nikamwambia sweta abaki nalo.

Hotelini wateja wachache. Wanakunywa haraka. Nimejaribu utani mmoja wa Lusaka, haukwenda popote. Amnaay wanamkwepa kwa kuwa kavuka. Kaka yangu haji. Nahisi wote wanajua, wanasubiri tu nani atangulie kusema.

Jumamosi, 7 Juni

Mwalimu Zuhura kaniletea kitabu mapema. Kasema leo hasomi, na dada hawezi kuja, basi mimi nikamsomee huko. Nikamkumbusha darasa la sita. Kasema, "Soma hivyohivyo."

Nimezima jiko. Nimefunga hoteli. Najua maana yake. Nikishavuka hakuna atakayekunywa chai yangu kwa miezi, na mimi bila watu wa kuwachekesha ni lori bila tairi.

Kwenye tawi nimesimama kitambo. Mimi niliyelicheka katika nchi tano. Nimeinua miguu juu sana, kama kuku kwenye matope.

Dada kacheka. Ya kwanza tangu siku ile.

Tumekaa kizingitini. Nimeanza na zile kurasa nne za Mwalimu. Nasoma na kidole, maneno marefu nayaruka, dada anajua nikiruka, ananirudisha. Askari alikuwa kafichwa chumba cha mahindi. Mbwa hawakubweka, binti alikuwa kawapa chakula chake.

Katikati nimemwona Amnaay. Kasimama kule chini, upande wa pili wa miiba. Hakusalimia. Nimepandisha sauti kidogo. Niliposimama kwenye nukta na kuinua macho, hayupo.

Nikamuuliza dada ile kanga imeishia wapi. Kasema kipande kimoja kimezikwa na Sulle, kingine kimekwenda Katesh. Kasema hata hivyo ilikuwa imechakaa.

Nikalamba kidole, nikafunua.