Mkwe Wangu Upande wa Pili wa Ubao

Jumanne, 3 Juni
Nimefunga kibanda saa kumi na moja. Simu nne zimetengemaa, moja imekufa kabisa. Nyumbani nimekariri maneno yangu ishirini ya leo, mafupi mafupi, huku nikiota moto. Baridi ya Mjimwema mwaka huu haina adabu. Imelda, mke wangu, ananicheka. Acha acheke. Timu ya klabu yetu ya kupanga maneno kwa vibao vya herufi, itakayokwenda Tunduru kushindana, ni watu wanne, watatu wameshajulikana. Nafasi iliyobaki naitaka. Sijawahi kuchaguliwa kwenye timu yoyote maishani, hata ya kuvuta kamba.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Mkwe amefika kutoka kijijini. Goti linamsumbua, atakaa mwezi mzima. Mwalimu mstaafu. Nimemwamkia uani, macho chini, kama babu alivyonilea: mkwe humkazii macho, humpi mkono, huketi naye meza moja. Shikamoo mama, marahaba baba, basi. Miaka tisa ya ndoa sijateleza. Yeye atakula jikoni na Imelda, mimi sebuleni.

Jumapili, 8 Juni
Klabu, ukumbi wa parokia, baada ya misa ya pili. Nimefungwa na Yusufu, mwenyekiti wetu, mtu wa korosho. Anasema naweka maneno marefu ya kujionyesha, halafu namfungulia mwenzangu mraba mwekundu, ule unaozidisha alama mara tatu. Eti nacheza kama mtu anayelima shamba la jirani. Nimekasirika njia nzima. Ni kweli, lakini.

Jumatano, 11 Juni
Ajabu. Imelda amenifunga. Imelda ambaye hucheza ili tu nisinune! Kila zamu yake anakunja herufi zake kwenye kanga, anakwenda jikoni kuangalia maharage, anarudi na neno la kutisha. Alama sitini mbele. Maharage gani hayo yanaangaliwa mara kumi na mbili?

Ijumaa, 13 Juni
Nimejua. Nilitoka kuchukua mkaa, nikapita chini ya dirisha la jikoni. Sauti ya Mama Mkwe: "Hiyo M usiitoe sasa. Mwache, mraba ataufungua mwenyewe." Na kweli nilikuwa najiandaa kuufungua. Nimerudi kukaa kama sijasikia. Kicheko kilinibana mpaka nikacheza ovyo.

Jumatatu, 16 Juni
Siri imeisha. Tunacheza wazi sasa: yeye jikoni, mimi sebuleni, Imelda mjumbe. Goti la mama likipona, miguu ya Imelda itakuwa imekwisha. Nimejifunza mengi. Kubadilisha herufi mbaya mapema badala ya kuzing'ang'ania. Kuhesabu zilizotoka ili nijue zilizobaki mfukoni. Kuziba njia nikiwa mbele. Nina furaha, niseme ukweli. Leo amenipita kwa alama tatu tu. Ujumbe kutoka jikoni: mwambie baba anakua.

Jumapili, 22 Juni
Siku mbaya. Goti limepata nafuu, mama akaja klabuni na Imelda. Yusufu akamwandikisha kwenye mchujo papo hapo. Akafunga wanne. Mimi pia nikafunga wanne. Mchezo wa mwisho, nafasi moja: mimi na mkwe wangu, meza moja, magoti karibu yagusane. Sikuinua macho. Nilikuwa na neno la herufi zote saba, lenye nyongeza ya hamsini. Nikaweka "na". Zamu iliyofuata nikaweka "wa". Nimeshindwa kwa alama zaidi ya mia, nikashusha pumzi, nikadhani nimefanya la heshima.

Kwetu mchezo ukiisha wote wawili husaini karatasi ya alama. Mama akaisukuma kalamu.

"Sisaini. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, anayefeli makusudi namjua. Umenidharau, baba."

Yusufu akasema turudie Jumapili ijayo. Nimerudi kwa miguu, peke yangu, nikipita vichochoro.

Jumatano, 25 Juni
Siku tatu hakuna ujumbe kutoka jikoni. Imelda amenipa kavu kavu: mama hakwenda kule kuogopwa, alikwenda kucheza. Nimemkasirikia. Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nilimnyima mama kitu alichokitaka, nikakiita heshima. Jioni nimemtuma Imelda: mwambie Jumapili nitacheza. Amerudi na kikombe cha uji wa ulezi. Nimekunywa mpaka chini.

Jumapili, 29 Juni
Nimecheza. Mwanzoni macho chini, mazoea. Kuelekea mwisho alikuwa mbele kwa alama themanini na zaidi. Nikaona naipoteza Tunduru hivi hivi. Nikainua macho, nikamtazama Mama Mkwe usoni. Ana mwanya. Miaka tisa sikujua.

Nikaona na jambo jingine. Akiwa na herufi nzuri huvua miwani. Akibanwa huisukuma puani. Akaisukuma mara moja, akaisukuma tena. Nikajua hana herufi za kuufikia mraba mwekundu ulio wazi. Nikauacha wazi, Yusufu kwa nyuma akiguna, nikacheza pembeni kusubiri herufi moja. Ikaja. Nikaweka zote saba mpaka kwenye mraba mwekundu. Nimeshinda kwa alama nne.

Mama alihesabu upya mara mbili. Kisha akasaini, majina yote matatu, kwa mwandiko wa darasani. Nafasi ni yangu. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 30 Juni
Nimefunga kibanda mapema. Basi la Tunduru ni Ijumaa. Nyumbani nimekuta sahani tatu kwenye meza ya sebuleni na mama ameketi. Imelda anajifanya hana habari. Nimesimama mlangoni kidogo, halafu nimenawa, nikaketi. Nimekula taratibu, kwa aibu. Mama ameniongezea maharage bila kuniuliza.

Imelda amefuta meza, tumeweka ubao. Mama amechota herufi zake saba, akazipanga, akazitazama. Akavua miwani.

Nimekwisha.